Hata Elfu Tano

Jina tulilikodi. Hapo ndipo watu hunipotea
nikiwaeleza: viazi vyetu, mafuta yetu,
jiko tulinunua kwa mkopo wa ushirika,
lakini lile jina la manjano juu ya mlango, Kuku Taji,
lilikuwa la watu wa Kampala, na kila mwezi
tulililipia kodi kama chumba.

Onzima alisaini kwa niaba ya kampuni.
Kampuni ilikuwa muhuri, daftari, na Onzima.
Kisha kijana mwenye tai akafunua ukurasa wa thelathini na moja,
akanigeuzia kalamu:
“Na wewe, mwalimu, hapa. Utaratibu tu.”
Nimesahihisha insha miaka ishirini na sita
nami sikuusoma ukurasa ule.
Kwa pamoja, na kila mmoja peke yake.
Pamoja ilidumu miezi kumi na tisa.
Peke yake ndiyo hii.

Onzima yuko Juba, au ng’ambo ya Juba.
Bango lilishushwa na wenyewe, kwa ngazi, mchana kweupe,
soko zima la Arua likitazama.
Aproni zimekuwa matambara. Kikaango kikubwa
natilia pumba za kuku, walio hai,
wasiojua historia yake.

“Hesabu inaanzia hapa,” alisema wakili Maturu,
akiigonga kwa ukucha tarehe ya barua ya madai.
“Miaka sita. Wasipofungua kesi,
mlango wa mahakama unajifunga wenyewe.
Ila usikiri kwa maandishi. Usilipe hata senti.
Ukilipa kidogo, saa inarudi mwanzo.”

Mimi niliyelelewa kwamba dawa ya deni kulipa
nikaambiwa dawa ya hili ni kalenda,
na kulipa ndiko kulifufua.

Nikahesabu kwa mihula: kumi na minane,
pamoja na ile ambayo shule zilifungwa
na sheria ikaendelea kutembea peke yake barabarani.

Jioni ya mwisho, simu.
Sauti laini. Kijana mwingine, labda tai ileile.
“Mama, hatuji kukusumbua. Tuma chochote.
Hata elfu tano, kuonyesha nia njema.”

Nia njema!
Kumbe walijua pa kunishika.
Kidole changu kikaandika tano, sufuri, sufuri, sufuri.
Simu ikadai namba ya siri.
Jenereta ya jirani ilikohoa, ikanyamaza.
Nikailaza simu kifudifudi mezani
kama mtoto aliyeandika jibu asiloliamini.

Bibi yangu, Mnubi, siku yake ilianza jua likizama.
Kwa hesabu yake nilikuwa huru tangu magharibi.
Siku ya mahakama haifi mpaka saa sita usiku,
basi nikakaa na saa sita za mwisho za miaka sita,
taa imezimwa, nikiilinda mikono yangu
isinitoroke ikafanya wema.

Ilipita. Hakuna kilicholia.
Nilidhani nitacheka. Nilichemsha maji tu,
nikasahau kutia majani.

Asubuhi nilienda kwa Ezaru wa viazi,
aliyetuletea magunia mawili wiki ile ya kufunga
bila karatasi, bila shahidi,
bila ukurasa wa thelathini na moja.
Laki moja na themanini elfu. Noti ya juu kabisa
ilikuwa elfu tano.

Alihesabu. Akarudia.
“Mwalimu, mimi nilishasahau,” akasema,
akizifunga kwenye pindo la kanga.

Uongo. Alijua mpaka shilingi.