Themanini na Moja

Lifti ya Bombo imekufa tangu Jumanne.
Mlinzi anasema fundi anasubiriwa kutoka Moshi.
Nacheka peke yangu: nami natoka Moshi,
basi la usiku, buti zingali na vumbi la Barafu,
mguu mmoja una soksi, wa pili bandeji.

Ngazi ni thelathini na nane.
Nimezihesabu kabla mama hajaziona,
kama ninavyoukagua ukuta wa Barranco
wateja wakiwa bado wanakunywa chai.
Mteja asijue hesabu. Ukimwambia, anaanza kuibeba.

"Twende, mama. Pole pole."
Neno hili nimelisema miaka kumi na minne
kwa watu waliolichapa kwenye fulana zao,
na leo tu nasikia
kwamba lina pole mbili ndani yake.

Mguu wa kulia. Kisigino kwanza. Pumua.
Wa kushoto. Usitazame juu,
juu hakuendi popote.

Ngazi ya tisa anashika ukuta.
Ya kumi na moja anakaa, mfuko wa dawa mapajani.
"Watu watapita wapi, mama?"
"Watanizunguka. Kwani maji hayazunguki jiwe?"

Natoa kile kidude, nakibana kwenye kidole chake,
kidole chenye kovu la mundu wa Mlalo.
Nasubiri namba itulie.

Themanini na moja.

Namba hii naijua kama jina la ukoo.
Barafu, mita elfu nne na mia sita, saa tano usiku,
themanini na moja naiandika kwenye daftari,
natia alama ya vema,
nasema: kaza kamba za buti, tunaondoka.
Bwana Henrik, daktari wa meno, alikuwa nayo hiyohiyo,
akafika Stella analia kwa furaha, akanivulia saa yake.

Lakini hapa bahari iko chini ya dirisha.
Hapa hewa ni nzito, ya bure, ina chumvi na detoli,
na mama yangu anavuta hewa ya mlimani.
Nani kampandisha huko bila mimi?
Alianza lini? Usiku upi? Nani alimbebea maji?

Sheria naijua. Dawa ya mlima ni moja: kushuka.
Nimewageuza matajiri kilele kikiwa kinaonekana,
wamenitukana, mmoja akanichapa kwa fimbo yake,
nikamfunga kwenye machela ya gurudumu moja
tukashuka naye usiku, na kila hatua mia
rangi ilimrudia midomoni.
Chini kulikuwa na hewa inatungoja.
Sasa chini ni wapi?
Chini ya Tanga ni maji.

"Mbona umeninyamazia, Shekiondo?"
"Nasoma namba, mama."
"Inasemaje?"
"Inasema tupumzike."
Ananitazama kama anavyotazama mizani ya mchuuzi.
"Mapeasi nilibeba Mlalo mpaka Lushoto,
kapu kichwani, wewe mgongoni.
Kila kilima ukiuliza kama tumefika
nakwambia, bado kidogo.
Sasa niambie. Zimebaki ngapi?"

"Bado kidogo," nasema.
Anacheka, kicheko kinageuka kikohozi,
na kikohozi hakina haraka ya kuondoka.

Huko kazini ni marufuku kumpandisha mteja mgongoni.
Aliyechoka hushushwa, hapandishwi.
Nachutama ngazi ya kumi.
"Na hicho kidole chako kibovu?"
"Panda, mama."

Ni mwepesi. Hilo ndilo linalonitisha:
mabegi ya wageni yana uzito kumshinda.
Pumzi yake shingoni mwangu, fupi, fupi, ndefu.
Nesi Mwajabu anatuona kutoka juu,
anaita mtu alete mtungi,
nasikia chuma kikiburuzwa sakafuni.

Ishirini na mbili. Ishirini na tatu.
Nilidhani nahesabu kimoyomoyo.

"Hiyo ni ya ishirini na nne," ananong'ona sikioni.
"Uliruka moja pale ulipoguna."