Saa Moja ya Mrija

Tartu, Februari. Theluji imeziba dirisha la maabara.
Virve anasimamisha mrija wa damu wima,
anatega saa: dakika sitini.
Jina kwenye lebo ni la mama yake.

Vikombe vilivyo pamoja, husemwa, havikosi kugongana.
Hivi vya damu, mamilioni katika tone,
vinapishana bila kugusana.
Kila kimoja kimevaa manyoya ya sukari,
na nchani mwa kila unyoya, tindikali ndogo
iliyoshika umeme wa upande mmoja: hasi.
Hasi huiambia hasi: sogea.
Si chuki. Ni adabu ya njia nyembamba.

Sukari isiyoonjeka.
Mama, aliyekatazwa jamu miaka tisa,
angecheka kusikia alivyojaa utamu.

Ila ugonjwa ukiingia, protini ndefu hujazana katikati,
umeme haufui dafu,
vikombe hurundikana kama sahani baada ya karamu,
vikazama upesi.
Dakika ya arobaini. Virve hatazami mrija,
anatazama buti zake zinavyochuruzika maji.

Na chembe ikizeeka
sukari zake hupukutika mojamoja
mpaka ini liitambue, liipokee.
"Kumbe hata ini lina ukarimu,"
alisema mama juzi, akivua pete kwa sabuni.

Saa inalia.
Safu nyekundu imeshuka milimita kumi na moja.
Anaandika. Anafuta. Anainama asome tena:
kumi na moja.
Ananawa mikono, anapiga simu.
"Mama, bado zinasukumana."