Mwitanzige

Aliyeahidi kuja hakuja. Alfajiri, simu:
Ayikoru, na kikohozi alichokifanyia mazoezi.
"Ila yuko mwenzetu wa wodi ya pili, Kabasinguzi.
Anachangia mafuta. Mpitie Nansana."

Nikampitia, kama mtu anavyopokea chenji
ya noti iliyochanika: huitaki, ila foleni iko nyuma yako.

Alipanda na jiko la makaa, na karanga za maganda,
na ugonjwa wa kusoma vibao kwa sauti:
Busunju. Matairi yaliyotumika. Kiboga. Majeneza, bei nafuu.
Maganda yakaanguka kwenye zulia nililolifua jana.
Nikapiga hesabu moyoni, mpaka Mto Kafu,
ni lita ngapi za mafuta zinanunua uvumilivu wangu.

Hoima, muuza petroli akainama dirishani:
"Empaako?" Yeye akajibu, "Atenyi," wakajuliana hali
kama waliozaliwa chumba kimoja. Kisha macho yote kwangu.
Sina, nikasema. Mimi wa Arua. Mimi ni Candiru:
mwaka niliozaliwa, shida ilikuwa imekalia kiti cha mgeni.
Kijana akanihurumia, akanifutia kioo bure.

Ukishapita Biiso barabara inakatika
kama sentensi ya mtu aliyeona kitu.
Chini kabisa, maji. Ng'ambo ya maji, Kongo,
buluu juu ya buluu, nguo iliyoanikwa ikasahaulika.
"Mwitanzige," akasema. Kiswahili changu kikasikia
anayeita nzige. Nikauliza: awaite wa nini?
Akacheka hadi karanga ikampalia.
"Si kuita. Kuua. Wanajaribu kuvuka, wanachoka katikati."
Gia ya pili. Breki zikanuka.
Hakuna aliyefungua kinywa tena mpaka tambarare.

Butiaba, ziwa lilipanda likala mtaa:
choo cha shule kimebaki bati, na mnandi juu yake.
Muziri wamekaukia nyavuni, fedha ndogondogo
ambazo kuku walikuwa wakizikopa.
Tukachagua mchanga. Tukakunjua hema.
Vigingi havimo.

"Vile vyuma?" akasema. "Niliviacha kwetu
barazani, ili jiko lipate nafasi."

Kuna hasira isiyo na mahali pa kuketi,
kwa kuwa watu ni wawili tu na giza halibishi hodi.
Kamba moja tukaifunga kwenye tairi, nyingine bampa,
ya tatu jiwe. Ya nne akaifunga kwenye jiko lenyewe,
na juu yake sufuria ya muziri ikichemka,
chakula cha jioni kikiishikilia nyumba.

Usiku, upepo. Hema likapumua kama mwenye pumu,
na sisi, manesi wawili, tukalisikiliza kwa mazoea.
Kisha kitu kikang'oa majani, karibu. Kikatafuna. Kikajamba.
Kiboko. Akanishika kifundo cha mkono,
vidole viwili, palepale penye mshipa,
nikajua ananihesabia.
"Mia na thelathini," akanong'ona. "Wangu umezidi. Usicheke."
Nikacheka kwa tumbo, bila mdomo,
mpaka mnyama akarudi majini na shibe yake.

Asubuhi palikuwa na nzige mmoja juu ya turubai,
mabawa yamelowa, miguu ikitetemeka.
Hatukumuuliza alivuka kutoka upande gani.
Nilikunja hema polepole, nikianzia mbali naye.

Kizuizini Biiso, askari akageuza leseni yangu,
akaigeuza tena, akaulizia empaako.
Nikafungua mdomo niseme sina.

"Abwooli," akasema Kabasinguzi,
macho mbele, akimenya karanga.

"Abwooli, ziwa hujambo?"

Ganda likaanguka kwenye zulia.
Halijambo, nikasema. Lilikuwa na upepo kidogo,
lakini halijambo.