Kata ya Nyuma

"Ndoo!" mamangu aliniita kutoka stoo,
nami, mtoto wa skuli za bara, nikampelekea ndoo.
Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la mkaa.
Kwa Kiamu alikuwa ananiita tu, niende.
Hapo ndipo nilipojua kuwa neno laweza kuchukua
kitu ambacho mwenyewe hakukitia ndani.

Galoni, kwa mfano.

Huku Langoni galoni ni dumu la manjano
ubavuni mwa punda, lita ishirini za maji ya Shela,
kifuniko kimepotea, mdomo umezibwa kwa nailoni.
Galoni ni dumu la lita tano la maziwa ya Witu.
Galoni ni kipimo cha bati cha Bi Tima Lali, mamangu,
mkono wake umelehemiwa mara tatu,
urithi wa babake pamoja na mizani isiyosimama sawa.
Kwa hicho alipima oili, mafuta ya taa, mafuta ya nazi, siki,
na asali ya Boni, ambayo ilimuudhi
kwa kutotaka kushuka.

Mlangoni kaandika kwa rangi ya buluu:

    Ukija kwangu kupima, leta chombo mlangoni
    Nitakujazia vyema, hadi kufika shingoni
    Na kata yangu ya nyuma, haitiwi hesabuni
    Deni naomba mapema, lisilale kitabuni

Kisha jenereta ya nyumba ya wageni ikaja na kitabu chake.
Kitabu kikasema: oili, galoni tatu.
Fundi Kupi akaja, akapimiwa tatu,
akaenda akamimina tatu,
na mashine ikatapika moshi, ikatema oili hadi mtaroni.
Punda wawili wakapita juu yake,
wakaacha alama nyeusi za kwato mpaka gatini.
Kupi akarudi amefura.
"Bi Tima, galoni yako ina mimba!"
"Tangu nizaliwe," akasema mama, "haijazaa."

Nikageuza kitabu, nikasoma mgongoni: kimechapwa Marekani.
Galoni ya huko ni lita tatu na robo tatu na vijiko viwili.
Hii yetu ni ya Mwingereza, aliisahau alipofungasha.
Tatu kwa tatu, ziada ni lita mbili na kitu.
Hakuna aliyekosea kupima.
Hilo halikumpoza Kupi, wala halikuosha mtaro.

Usiku, uani, nikatwaa chupa ya lita moja
nikaanza kuihamisha galoni ya bati ndani ya dumu.
Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Kisha nusu.
Kisha vijiko vitatu vya kulia wali,
na bati likabaki na unyevu tu.
Mama alinitazama kama anayepekuliwa mfukoni.
"Basi mwenye dumu la tano," nikamwambia,
"umempunja karibu nusu lita. Miaka thalathini."

Hakujibu. Aliinuka, akatungua kata yake ya kifuu,
akaichovya pipani, akaimimina juu ya maji yangu.
Yakapanda. Yakafika penye mstari wa tano, yakasimama,
chini kidogo labda, kijiko kimoja;
mkono wangu ndio uliokuwa ukitetemeka.

Nikafungua daftari, nikaandika kwa penseli:
galoni moja na kata moja, lita tano.
"Futa," akasema.
"Lakini ni sahihi."
"Futa hiyo kata. Ukiiandika itakuwa haki ya mtu,
atakuja kuidai, nami nitampimia kwa jicho kavu."

Nikafuta. Karatasi ikatoboka kidogo.

Asubuhi Kupi alikuja kutaka nusu galoni ya mafuta ya taa,
bado amenuna, hata salamu aliitoa nusu.
Mama akampimia. Akachovya kata,
akamtilia nzima.
Kupi alitazama pembeni, ukutani,
kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa pale.