Kilele cha Saa Moja na Robo

Chini kabisa ya jengo, Tartu, mwezi wa Februari,
nimekaa na fuwele ndogo kuliko punje ya mtama.
Nimeizamisha katika heliamu mpaka imesahau joto:
digrii nne tu juu ya mwisho wa baridi zote.
Nje ni ishirini chini ya sufuri, watu wanalalamika.
Mimi nacheka kidogo.

Kwa maneno ya tasnifu, kazi yangu ni kusikiliza elektroni.
Kwa maneno ya mama, anayepiga simu kutoka Võru
huku akimenya viazi (nakisikia kisu),
kazi yangu ni "hicho kitu chako."
"Hicho kitu chako kimefikia wapi?"
Kinaendelea, mama, kinaendelea,
nasema, kama aulizwaye hali ya mgonjwa.

Profesa Heldur hupita Jumatatu na kikombe chake,
hutazama grafu, husema, "Hm."
Mimi na Raivo tumeziainisha hizo Hm:
kuna Hm ya njaa, kuna Hm ya hapana,
na moja tuliyoisikia mara moja tu, mwaka juzi,
ambayo huenda ilikuwa sifa.

Novemba kikachomoza kilele.
Chembamba, wima katikati ya kelele,
kama mtu aliyebaki amesimama kanisani
wote walipokwisha kuketi.
Nadharia haikijui.
Nikapima upya: kipo.
Nikabadili nyaya: kipo.
Nikaandika milinganyo kwenye risiti za duka,
na mmoja kwenye mvuke wa kioo cha bafu,
ukatiririka kabla sijaumaliza;
hadi leo naamini huo ndio uliokuwa sahihi.
Usiku, kimoyomoyo, nilikipa kilele jina langu la ukoo.

Indrek alihama Januari.
Aliacha kikaango na barua ya ukurasa mmoja.
Niliisoma jinsi ninavyosoma makala za watu:
nikaruka utangulizi, nikatafuta matokeo.

Ni Raivo aliyeuliza, mdomo umejaa mkate,
"Umewahi kuangalia saa?"
Nikaangalia.
Jumanne na Alhamisi. Saa moja na robo usiku.
Dakika kumi na mbili, halafu kimya.
Elektroni haijui Jumanne.

Tukapanda ngazi.
Juu ya kichwa cha fuwele yangu, kwenye ukumbi,
Bi Salme alikuwa anang'arisha sakafu
kwa mashine nzito kama ndama, inazunguka, inanguruma.
Tukamwomba azime. Raivo akakimbilia chini.
"Hakipo!" akapaza sauti.
Tukamwomba awashe.
"Kipo!"
Azime. "Hakipo!"
Miezi mitatu ya maisha yangu
ilikuwa inawashwa na kuzimwa kwa kidole gumba.

Alidhani tumekuja kumgombeza.
"Miaka kumi na tisa," alisema,
"hakuna aliyetoka huko chini kuniuliza neno."
Kisha: "Kuna nini huko?"
Nami ninayeshindwa kumweleza mama yangu mwenyewe
nikasema: tunajaribu kusikia kitu kidogo sana.
Akaitazama mashine yake.
"Pole," akasema. Sijui alikuwa anampa pole nani.

Siku hizi saa moja na robo nasimamisha vipimo, nachemsha chai.
Mara mojamoja nasahau kwa makusudi,
nakiacha kilele kipande, nakihifadhi
katika faili lenye jina lake, si langu.

"Kimefikia wapi?" mama akauliza Jumapili.
Ilikuwa sakafu, mama.
Kisu kikasimama.
"Sakafu?"
Sakafu, inang'arishwa.
Akanyamaza muda wa kumenya kiazi kizima.
"Haya," akasema, "angalau kuna kitu kimetakata."

Barafu ya mto imeanza kupasuka, naisikia nikirudi nyumbani,
mlio mrefu, halafu mfupi; sikuhesabu.
Kesho heliamu inaletwa saa mbili asubuhi.
Kikaango bado kiko kwenye sinki.