Mate na Chokaa

Chumba cha ndani, ngomeni,
malaika ana bawa moja na nusu.
Nusu ya pili imo chini ya chokaa ya jela,
na kazi yangu ni kuifuata: kwanza kisu chembamba,
kisha pamba na mate.

Ndiyo, mate. Mafunzoni walituambia
hakuna dawa iliyo laini zaidi kwa rangi kuukuu.
Basi asubuhi sinywi kahawa, sitafuni tambuu,
nalowesha kijiti cha pamba ulimini
na kufuta mahali pa ukubwa wa ukucha.
Mama hucheka: umesoma miaka minne
uje kuutemea ukuta?

Aliyechora hakuwa fundi.
Mikono ya malaika kaificha nyuma,
vidole vilimshinda.
Lakini chokaa aliijua:
alipaka rangi ukuta ungali mbichi,
udongo mwekundu na makaa,
akikimbizana na joto la Mvita
linalokausha neno kabla hujalimaliza.
Chokaa ikikauka hushika. Haiachi.
Baba yangu, Shekue, aliyechoma matumbawe Mtongwe
hata kope zake zikawa nyeupe,
angemwelewa Mreno huyu kuliko mimi.

Jumanne bawa likatokea.
Na juu ya bawa, mikwaruzo:
minne wima, mmoja wa kuikata,
minne wima, mmoja wa kuikata,
kupanda hadi shingoni.
Thelathini na saba.

Mtu alikaa hapa na msumari,
au mpini wa kijiko, sijui,
akihesabu siku zake juu ya ukuta mweupe,
asijue anazichimba katika manyoya.

Bwana Mkala, mkubwa wetu, akainama, akatazama.
Ziba, akasema.
Watu watalipa kiingilio waone malaika,
si mahabusu.
Na rangi utaifuatisha, unaweza.

Naweza. Hilo ndilo baya.
Naweza kuchora unyoya mahali pa siku
hata Mreno mwenyewe asitambue.

Nikachanganya lipu, nikashika mwiko.
Nikahesabu tena, kwa kidole, bila kugusa.
Mkwaruzo wa mwisho ni mfupi,
umeishia njiani,
kama wa mtu aliyeitwa jina lake mlangoni.
Kuachiwa? Kuhamishwa?
Ukuta haukumngoja arudi kuusimulia.

Hadi alasiri lipu ilikuwa jiwe ndooni.
Bwana Mkala akauliza.
Nikamwambia: joto.