Mizani ya Jikoni

Komba wetu tulimwita Shilingi
kwa ajili ya macho yake, mawili, ya duara, yasiyodai chenji.
Tulimwokota Rau, chini ya mti ulioangushwa na tingatinga,
mdogo kama ngumi,
akilia kile kilio kinachomsimamisha mpita njia
adhani kuna mtoto katupwa.

Mama akasema, "Mpe ndizi."
Na kwetu Moshi ndizi haihojiwi.
Ilianza moja, ukafuata mkungu:
kisukari magharibi, kisukari usiku wa manane,
chai ya maziwa kwenye kifuniko cha chupa,
na Krismasi, Mungu atusamehe, tone la mbege,
tuone kama wanaosema "amelewa kama komba" wana hoja.
Wana hoja. Tulicheka mpaka machozi.

Mwezi wa saba alilikosa pazia.
Aliruka kutoka kabatini kama kila usiku,
mikono ikafika, miguu ikabaki hewani,
na sakafu ikatoa mlio mdogo
ambao hadi leo sijapata wa kumsimulia.

Daktari Ndelilio ni mtu wa ng'ombe.
Alimbonyeza taya kwa kidole gumba,
taya likabonyea.
"Hili ni embe bivu," akasema. "Mfupa uko wapi?"
Hakunikaripia. Aliuliza tu anakula nini,
nikamtajia, akawa anaandika,
anaandika,
kisha akaiweka kalamu chini.
"Mmemlisha kama mgeni.
Mgeni hula, akaaga. Huyu anaishi hapa."

Basi nikawa mtu wa gramu.
Mizani niliinunua jirani na stendi, ya plastiki, ya kijani,
sindano yake ikitetemeka hata ukipumua.
Jumapili, wenzangu wakitoka ibada ya pili,
mimi niko tambarare, njia ya mashamba ya miwa,
nabandua utomvu mkavu kwenye migunga
kwa kisu cha kumenyea viazi.
Panzi waliniletea watoto wa Njoro, shilingi hamsini mmoja,
nikawashibisha mchicha siku mbili kwanza,
maana panzi mwenye njaa ni ganda tu linaloruka.
Maganda ya mayai nikayatwanga kinuni yawe unga,
nikawanyunyizia kama maandazi ya harusi.
Robo ya yai. Kiazi kitamu, kipande.
Ndizi: gramu kumi. Kwa juma.

Shilingi akanirushia utomvu usoni.
Usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu.
Panzi alimla kichwa, kiwiliwili akakitia kwenye kiatu changu.

Mama naye alikuwa na karatasi yake,
ya kliniki ya Jumanne,
nimeibandika kwenye friji bega kwa bega na ya komba.
Zote mbili, mstari wa kwanza: kisukari, marufuku.
"Kisukari ndizi," akauliza, "au kisukari ugonjwa?"
Nikamwambia, ile kwa sababu ya huu.
Akanitazama kama mtu aliyetozwa ushuru mara mbili.

Saa nane usiku nikawasha taa ya jikoni.
Mama juu ya kigoda, komba juu ya goti lake,
na mezani maganda mawili.
Hakuna aliyenitazama.
Ganda moja lilikuwa juu ya mizani,
na sindano, mbea, ilikuwa ingali inatetemeka.

Sikusema kitu. Nilizima taa.

Novemba, mvua ndogo, aliruka tena,
nusu ya ule mruko wa zamani, akashika.
Mguu wa kushoto hautanyooka; daktari alishasema.
Sasa usiku nasikia meno yake ya mbele, yale kama kitana,
yakikwangua tawi la mgunga nililolifunga dirishani,
kwaru, kwaru, mtu anayepiga deki sufuria.

Mama pia husikia. Ukuta wetu ni mmoja.
"Anakwangua nini?"
"Utomvu."
"Mtamu?"
"Hapana, Mama."

Kimya kirefu. Kitanda kikalia.
"Kesho," akasema, "nami niletee kidogo.
Upime."